Mchanga wa Oman: miezi saba ya kuvuna, mitano ya kungoja

Nje kidogo ya mji wa Bidiyah, kilomita kama 200 kutoka Muscat, lami inaishia na mchanga unaanza. Hapo pana vibanda vya mafundi wa matairi, na kazi inayowapa riziki kuliko zote si kuziba pancha. Gari likiwasili kutoka barabara kuu, fundi huchuchumaa kwenye kila gurudumu, akaacha upepo utoke mpaka kipimo kishuke kutoka psi 35 hadi 18, pengine 15. Tairi lililolegea hukanyaga kwa upana, nalo gari hupita juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Kesho yake gari hilohilo hurudi kujazwa upepo kabla ya kushika lami, na mgeni hulipa kwa mara ya pili. Desemba kazi hiyo ni ya kutwa. Ukija Julai utakuta vibanda vimekaa kimya, na anayesimama kwa fundi huwa na shida ya kawaida ya tairi, tena akiwa na haraka ya kurudi kwenye kiyoyozi.

Jangwa linaloanzia hapo ni Ramlat al Wahiba, ambalo serikali siku hizi huliita Mchanga wa Sharqiya. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 12,500 hivi: kilomita kama 180 kutoka kaskazini hadi kusini, na kama 80 kutoka mashariki hadi magharibi. Ni kitone mbele ya Robo Tupu, lile jangwa kuu la Arabuni, lakini kitone hiki kinaingiza fedha kwa sababu mgeni akishuka ndege Muscat asubuhi anaweza kulitazama jua la jioni likizama akiwa juu ya kilima cha mchanga. Mchanga upo mwaka mzima, wala hauna bei. Mgeni anacholipia ni siku ambazo ngozi ya binadamu inaweza kuuvumilia, na siku hizo zinahesabika.

Januari, mchana wa Muscat huwa na digrii 25 au 26. Kule jangwani usiku hushuka hadi 12 hivi, baridi ya kutosha kumfanya mtu wa Dar es Salaam aombe blanketi la pili. Aprili mchana umeshafika 35. Mei unagonga 40, na Juni bara la ndani hupita 45. Usiku nao hautoi nafuu. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa pwani wa Qurayyat, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 kwa saa 24 nzima. Wataalamu wa hali ya hewa wakaiandika kuwa rekodi ya dunia. Katika joto la namna hiyo hakuna anayelipa kulala hemani.

Kwa hiyo swali ambalo kila mtalii huliuliza kabla ya kukata tiketi, yaani niende lini, ndilo pia swali la mwenye kambi, la dereva, la mpishi na la fundi wa matairi. Jibu la mgeni mmoja ni ratiba ya likizo. Wageni wakijumlishwa, jibu lao ndiyo hesabu ya mwaka mzima ya biashara hii. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba wiki zinazomfaa zaidi mgeni sizo zile zinazojaa zaidi, na kwamba mgeni anayezichagua wiki hizo za pembeni anaisaidia biashara ya jangwa kuliko yule anayebanana na wenzake mwishoni mwa Desemba.

Wenyewe wa mchanga waliijua kalenda hii kabla ya kambi ya kwanza kujengwa. Mabedui wa Wahiba hukaa jangwani na ngamia na mbuzi wao wakati wa baridi. Joto likianza kuchoma huhamia kwenye mashamba ya mitende pembezoni mwa mchanga, Bidiyah na vijiji jirani, ambako kuna kivuli na maji ya mifereji, na ambako tende huiva kati ya Juni na Agosti. Mavuno huwapa kazi, kivuli huwapa usingizi. Hata mashindano ya mbio za ngamia hufuata majira hayo, huanza joto linapopungua mwezi wa kumi na kukoma linaporudi. Bertram Thomas, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani na mzungu wa kwanza kurekodiwa akiivuka Robo Tupu, aliondoka Salalah Desemba 1930 na kuingia Doha Februari 1931. Mwongozaji wa leo anayemwambia mteja aje Januari anarudia ushauri wa watu walioishi humo karne kwa karne.

Tofauti ni kwamba bedui alihama na mali yake. Kambi ya watalii haihami.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Chukua kambi ya mfano yenye vyumba 30, baadhi vibanda vya makuti ya mtende na baadhi mahema ya manyoya ya mbuzi. Tuseme kuanzia Oktoba hadi Aprili, siku 212, inajaza vyumba 60 katika kila 100. Kwa kambi ya jangwani hiyo ni nzuri, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi hujaa na katikati ya wiki hupungua. Tuseme tena kwamba miezi mitano inayobaki, siku 153, inajaza 10 katika kila 100. Vyumba vilivyouzwa ni 3,816 msimu wa baridi na 459 msimu wa joto, jumla 4,275, kati ya vyumba 10,950 ambavyo kambi ingeweza kuuza kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 39. Namba ni za mfano, lakini umbo lake ni la kweli: kambi inayoonekana kufurika Krismasi, ukiipima kwa mwaka, imekaa tupu zaidi ya nusu ya muda wake.

Na gharama hazifuati wageni. Maji huletwa kwa maboza. Umeme mara nyingi ni wa jenereta, na jenereta hula dizeli zaidi katika miezi ileile ambayo hakuna mapato, kwa kuwa hao wageni wachache wanaokuja hawawezi kulala bila kiyoyozi. Jua hula turubai na kamba, upepo wa kiangazi hurundika mchanga milangoni, na kabla ya Oktoba lazima watu waajiriwe kuufukua. Ndiyo maana baadhi ya kambi huona nafuu kufunga kabisa kati ya Juni na Agosti. Wenye kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wanaofunga Aprili na Mei, masika inapozigeuza barabara kuwa matope, wanaijua hesabu hii bila kuelezwa. Kwao mvua hufunga mlango. Kwa wenzao wa Sharqiya ni jua.

Kitu cha kuangalia katika biashara ya namna hii ni nani anayebeba miezi mitupu. Mwenye kambi hubeba mkopo. Wakala wa safari wa Ulaya habebi kitu. Juni akiona Oman haiuziki, huuza Namibia. Dereva bedui mwenye Land Cruiser yake hulipwa kwa safari, na pasipo safari hurudi kwenye ngamia na tende, kwa hiyo angalau ana pa kurudi. Aliye pabaya ni kibarua wa kambi, mara nyingi mtu wa India, Bangladesh au Pakistan, ambaye miezi ya joto hupewa likizo bila mshahara au huhamishiwa kazi nyingine ya mwajiri huyohuyo. Sheria ya Oman inapiga marufuku kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:30 alasiri kuanzia Juni hadi Agosti. Ni sheria nzuri na inaokoa maisha, lakini haimlipi mtu ambaye hana kazi yoyote ya kufanya.

Mtu anayeitazama miezi saba ya baridi kutoka mbali huiona kama kitu kimoja. Wanaoishi kwayo wanajua kwamba ndani yake mna misimu midogo, kila mmoja na bei yake.

Oktoba hufungua. Wiki mbili za mwanzo bado ni kali, mchana hufika 35 na zaidi, na mtembeaji lazima aamke kabla ya jua na kuwa kivulini kufikia saa tatu. Bei huwa haijapanda. Kufikia mwisho wa mwezi usiku umeshapoa. Wiki mbili za kwanza za Novemba, kwa maoni yangu, ndizo bora kuliko zote katika mwaka: mchana digrii 30 hivi, bahari bado ina joto la kuogelea kwa atakayeteremka Sur au Muscat, na umati haujafika. Kisha inakuja Sikukuu ya Taifa. Zamani ilikuwa tarehe 18 Novemba. Tangu 2025 inaadhimishwa tarehe 20, na mapumziko yake huwatoa Waomani wenyewe mijini kwa familia nzima, magari matatu manne kwa pamoja, na nyama ya kuchoma. Baada ya wiki mbili hufuata sikukuu ya jirani, kwani Falme za Kiarabu huadhimisha taifa lao tarehe 2 na 3 Desemba, na wakazi wa Dubai na Abu Dhabi huvuka mpaka kwa gari. Siku hizo kupata chumba bila kuweka nafasi mapema ni bahati nasibu.

Kuanzia tarehe 20 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari ni wakati wa Wajerumani, Waitaliano, Waingereza na Wafaransa. Bei hufika juu kabisa, kambi nyingi hudai malipo yote kabla na hazirudishi fedha ukighairi. Hewa ni nzuri, sikatai. Lakini mgeni anayelipa bei hiyo hupanda kilima cha mchanga akiwa na mamia ya wenzake na kusikia injini kuliko upepo. Siku hufupika pia: jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na safari ya kutwa hukatika mapema.

Baada ya hapo, katikati ya Januari, kuna utulivu ambao mawakala hawautangazi. Ni baridi, na mara mojamoja kuna mvua, lakini vyumba vipo na waongozaji wana muda wa kuongea na mgeni. Februari mwishoni na Machi pepo huanza kuchangamka, mchana hurudi kwenye 30, na mvua za baridi zikiwa zimenyesha mimea ya jangwa huchipua. Watu husahau kwamba mchanga huu una uhai. Msafara wa kisayansi wa Royal Geographical Society wa 1985 na 1986 ulihesabu humo aina 150 za mimea, na kuna vichaka vya mti uitwao ghaf vinavyoishi kwa umande na ukungu unaoingia kutoka baharini. Asubuhi yenye umande mchanga huwa mgumu kidogo na gari hupita kwa wepesi. Adhuhuri umekauka, umelegea, na dereva asiyeujua hukwama. Anayekuja na gari la kukodi akumbuke pia kwamba mikataba mingi ya kampuni za kukodisha haikubali gari litoke kwenye barabara. Bima haitalipa. Kumlipa dereva wa Bidiyah ni rahisi kuliko gharama ya kuvutwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi wa wageni hawaipigi kabisa, nayo ni ya mwezi wa angani. Anayetaka nyota aje mwezi ukiwa mwandamo au karibu yake. Anayetaka kutembea vilimani usiku bila tochi aje mwezi mpevu. Kambi chache hutofautisha bei kwa kigezo hiki, na nadhani zinapoteza fursa: usiku mbili za katikati ya wiki zenye giza safi, zikitangazwa kwa wapenda nyota, zingejaza vyumba ambavyo sasa vinalala vitupu.

Hatari inayopaswa kuwekwa wazi kwa mgeni anayechagua mwezi ni maji. Inaonekana ajabu kutaja mafuriko katika makala ya jangwa, lakini kambi nyingi hufikiwa kwa barabara zinazokata mabonde makavu, na mgeni wa jangwa karibu kila mara huunganisha safari yake na Wadi Bani Khalid, bonde lenye madimbwi ya kijani ya kuogelea. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka bondeni hata kama juu yako jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wasiopungua 19 nchini Oman. Wengi wao walikuwa wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa garini Samad al Shan, katika Mkoa wa Sharqiya Kaskazini, huohuo wenye mji wa Bidiyah. Tufani nazo zina nyakati zake mbili, kabla na baada ya kusi kuu: Gonu ilipiga Juni 2007, Mekunu ikaingia Dhofar Mei 2018, Shaheen ikafika pwani ya Batinah Oktoba 2021. Kwa maneno mengine, pembe mbili za msimu wa jangwa, ambazo ndizo zenye bei nafuu, zinagusana na tufani na mvua za ghafla. Mfanyabiashara mwaminifu humweleza mteja hilo, humpa uhuru wa kusogeza tarehe bila faini tahadhari inapotolewa, na hamruhusu dereva kujaribu bonde lenye maji hata kama mgeni anawahi ndege.

Tumetaja kusi. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja anaujua upepo huu kwa kazi yake kwenye bahari yetu: kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni kati ya Novemba na Machi, kusi huyarudisha kuanzia Aprili, na katikati ya Juni na Julai bahari huchafuka mpaka vyombo vidogo vikapandishwa pwani. Upepo huohuo hauishii njiani. Matuta marefu ya Wahiba, yaliyolala kutoka kusini kwenda kaskazini, yalijengwa na pepo za kusi katika zama zilizopita, zikisomba mchanga kutoka pwani. Na huko Dhofar, kusini kabisa mwa Oman, kusi hufanya jambo ambalo limeleta biashara ya pili, kinyume cha ile ya kwanza.

Ikivuma sambamba na pwani ya Dhofar, kusi huyasukuma maji ya juu ya bahari kuelekea mbali, na maji baridi ya kina hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa, ikagonga milima iliyo nyuma ya Salalah, ikawa ukungu na manyunyu. Kuanzia takriban 21 Juni hadi 21 Septemba milima hiyo huwa kijani, Wadi Darbat hupata maporomoko ya maji, na joto hubaki kwenye digrii 25 hadi 30 wakati Riyadh, Dubai na Muscat zinaungua. Huo ndio msimu wa khareef. Mwaka 2024 wageni wake walipita milioni 1. Wengi sana ni Waomani na watu wa nchi jirani za Ghuba, wanaokuja kusimama kwenye manyunyu bila mwavuli, watoto wakicheza kwenye tope. Msomaji wa Bukoba au Lushoto huenda akashangaa kwamba mtu anaendesha kilomita 1,000 kutoka Muscat kuufuata ukungu. Anayetoka kwenye digrii 45 hashangai.

Kwa jicho la biashara, hii ndiyo bahati kubwa ya Oman: nchi moja, misimu miwili isiyogombana. Kampuni ya usafiri yenye mabasi inaweza kuyapeleka Salalah Julai na kuyarudisha Sharqiya Novemba. Waongozaji na wapishi wanaweza kuhama hivyohivyo, kama bedui na tende zake, na pale mwenye kampuni anapowapa mkataba wa mwaka mzima kwa mtindo huo, kibarua hapotezi miezi mitano. Huo, kwa maoni yangu, ni uwekezaji wenye faida kuliko kuongeza viyoyozi jangwani. Tatizo ni kwamba soko la Salalah ni la familia za Ghuba zinazotaka nyumba kubwa za kupanga na jiko, na soko la Sharqiya ni la Wazungu wawili wawili wanaotaka hema na kimya. Watu wanahamishika, majengo hayahamishiki, na lugha ya huduma ni tofauti.

Kati ya misimu hiyo miwili kuna sehemu ndogo zinazokwenda kwa saa yake. Jebel Akhdar, penye uwanda wa Saiq ulio mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupokea watu wa Muscat wanaokimbia joto, na waridi lake huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, likakamuliwa marashi yale yale ambayo Zanzibar imeyanyunyiza harusini na maulidini vizazi kwa vizazi. Ras al Jinz, ncha ya mashariki kabisa, kasa wa kijani hupanda kutaga mwaka mzima, lakini huwa wengi kati ya Mei na Septemba, yaani hasa wakati kambi za mchanga, mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo, zimefunga au zimekaa tupu. Na Al Ashkharah, mji wa wavuvi kwenye pwani inayopakana na mchanga, hupata upepo wa kusi wenye ubaridi, kiasi kwamba Waomani huenda huko kiangazi kupunga hewa. Mgeni ambaye hana budi kuja Julai si lazima akose jangwa lote: alale pwani, atazame kasa usiku, aone mchanga alfajiri kwa saa mbili, aondoke. Kinachokosekana ni wakala wa kumpangia hivyo. Wengi humuuzia kifurushi cha Desemba kwa bei ya Julai, kisha humwacha akiungua.

Si kila jangwa linaongozwa na joto kama hili. Kule Namibia, vilima vyekundu vya Sossusvlei hutembelewa zaidi kati ya Mei na Oktoba, wakati wa baridi ya kusini mwa dunia, ambayo kwa bahati njema huangukia likizo ndefu ya shule za Ulaya. Oman haina bahati hiyo: likizo ndefu ya mteja wake wa Ulaya huangukia wakati mbaya kuliko wote. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, iko karibu na ikweta na joto lake halibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi; kinachoamua pale ni mvua, kwa sababu Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, na ikilowa hugeuka matope yanayomeza gari. Nayo Death Valley ya Marekani, ilikopimwa digrii 56.7 tarehe 10 Julai 1913, hupata wageni kiangazi waendao kupiga picha na kipimajoto. Sitamani Oman ifuate njia hiyo. Joto la namna ile huua watu, na biashara inayoliuza joto lenyewe ina siku zake.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki kuna jambo moja zaidi. Sharqiya ni nyumbani kwa koo ambazo majina yake yapo Unguja, Pemba, Mombasa na Tabora. Watu wengi wa Ibra na Mudhairib walizaliwa Zanzibar au wazazi wao walizaliwa huko, wakarudi baada ya 1964 na hasa baada ya 1970, na Kiswahili bado kinasikika barazani. Mgeni anayekwenda kumwona shangazi au ami halali hotelini wala haonekani katika hesabu za vyumba, lakini hukodi gari, hulipia safari ya siku moja mchangani, hununua halua. Wageni wa aina hiyo husafiri zaidi kwa sababu za kifamilia, harusi na Idi na misiba, na hawachagui mwezi. Wanaoweza kuchagua, yaani familia zenye likizo ndefu ya shule ya Novemba na Desemba, wanaangukia hewa nzuri; watangulie tu kabla ya tarehe 20 Desemba na wakwepe ile wikiendi ya sikukuu ya majirani. Nauli ya ndege ya Julai ikiwa nafuu, sababu ya unafuu huo mmeshaisoma.

Joto linavyozidi mwaka hadi mwaka, nadhani Aprili na nusu ya kwanza ya Oktoba ndizo zitakazopotea kwanza kwenye kalenda ya mauzo. Hilo litasogea polepole. Linalosogea kwa haraka, tena kwa tarehe zinazojulikana, ni Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa kawaida, na sasa mfungo umeingia katikati ya msimu wa jangwa: 2026 ulianza karibu na tarehe 18 Februari, 2027 unatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, 2028 mwishoni mwa Januari. Mwaka 2030 kutakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza wiki ya kwanza ya Januari na nyingine siku za Krismasi, na miaka inayofuata itaangukia Desemba. Katika mwezi huo kula hadharani mchana hakuruhusiwi, saa za kazi za Waislamu hupunguzwa, na mgeni wa Ulaya aliyezoea chakula cha mchana mchangani hulazimika kula ndani ya kambi. Mawakala wengine wameanza kuikwepa miezi hiyo. Wenye kambi wenye akili wanafanya kinyume: wanapunguza bei kidogo, wanahamisha shughuli zote hadi alfajiri na usiku, na wanamkaribisha mgeni kwenye futari pamoja na madereva, tende za mavuno ya Juni zikiwa mezani. Wale ambao bado hawajaandika bei zao za Desemba 2030 wanayo miaka michache ya kujifunza jinsi ya kuuza usiku.